Bamba nene kwenye nafasi finyu: kava la grenda lina kazi yake

SWALI: Mimi ni fundi wa magari makubwa hapa Mwanza. Nataka kukata bamba la chuma linaloshika springi ya tela. Lina unene wa milimita 16 na limejificha kati ya chasisi na ekseli. Grenda yangu ya inchi nne na nusu haiingii ikiwa na kava. Mwenzangu kanishauri nitoe kava nifunge diski ya inchi saba ili ifike ndani. Ninunue diski gani isiyovunjika?

JIBU: Ndugu yangu, usinunue diski yoyote kwanza. Swali hili naletewa mara kwa mara, tena na mafundi wazoefu, na kinachowaponza wote ni tundu la katikati. Kwenye diski ya inchi nne na nusu tundu hilo ni milimita 22.23. Kwenye ya inchi tano ni hilo hilo, ya inchi saba hilo hilo, na ya inchi tisa pia. Kinachozuia diski kubwa isikae kwenye grenda ndogo ni kava peke yake. Ukishalitoa, diski inaingia, nati inakaza, mashine inawaka, na mtu anaamini imekubali.

Haijakubali. Grenda yako ikiwa haina mzigo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski nyingi za kukatia zimeandikwa mita 80 kwa sekunde, na huo ndio mwisho wa mwendo wa ukingo wake. Diski ya inchi saba, yaani milimita 180, hufika mwendo huo ikizunguka mara 8,500 tu. Ukiizungusha mara 11,000, ukingo unakwenda karibu mita 104 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 370 kwa saa. Nguvu inayotaka kuipasua hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo inafika karibu mara 1.7 ya ile iliyokusudiwa. Na diski yenyewe ni punje ngumu zilizogandishwa kwa gundi na kushikwa na wavu wa nyuzi za kioo. Ikishindwa inaruka vipande vipande, wakati wewe umeinamisha uso usawa wake uone unapokata, na kava umeliweka pembeni. Anayekwambia amefanya hivyo miaka yote na hakuna kilichotokea, mwambie kazi hiyo aje aifanye mwenyewe.

Sasa turudi kwenye bamba lako. Milimita 16 si nene kwa grenda yako. Diski mpya ya inchi nne na nusu inazama takriban milimita 25 kabla kichwa cha mashine hakijagusa chuma. Kinachokusumbua ni pembe ya kuingilia. Chomoa waya kwenye umeme, legeza klampu ya kava, lizungushe upande wa pili hadi lipishe chuma huku likiendelea kukukinga, halafu likaze. Wengi hawajui kama linazunguka! Mkono wa pembeni nao uhamishie upande unaoruhusu. Kabla ya kukata, egemeza bamba kwa jeki au gogo, maana likining'inia mfereji unajifunga, unabana diski, na grenda inakurukia.

Pale ambapo diski haifiki kabisa, tumia msumeno wa umeme unaokwenda mbele na nyuma. Tafuta wembe wenye meno ya kabaidi, kama meno manane kwa inchi. Kandamiza mguu wake, kile kibati cha mbele ambamo wembe unapita, kwenye chuma, endesha kwa mwendo wa chini na utie mafuta. Hakikisha ncha haigongi chochote upande wa pili. Huna msumeno huo? Toboa matundu ya milimita nane yaliyokaribiana kwenye mstari wote, kisha malizia kwa tindo na nyundo. Ni kazi ya jasho, lakini hata gereji yenye drili moja inaiweza. Mabomba ya upepo wa breki na nyaya zilizo jirani yafunike kwa blanketi lisiloshika moto, au uyatoe.

Nasisitiza hivi kwa sababu hii tabia haiishii kwenye kava. Siku hizi kijana anaona video fupi, kesho yake anafunga msumeno wa mbao kwenye grenda apasulie magogo. Mwingine anachonga kwa ubavu wa diski ya kukatia, inayovumilia ukingo tu. Wapo wauzaji wanaomhakikishia mteja kwamba diski ni diski mradi tundu liingie, na wanauza zilizokaa kwenye unyevu kwa miaka. Diski hizi zina muda wa kutumika, kwa kawaida miaka mitatu tangu zitengenezwe, na mwezi na mwaka wa mwisho hupigwa chapa kwenye ile pete ya bati iliyozunguka tundu. Isome ukiwa bado dukani. Soma na idadi ya mizunguko, uilinganishe na iliyo kwenye kibati cha grenda yako: ya diski isipungue ya mashine. Ikiwa haina tarehe wala mizunguko, mrudishie muuzaji hapo hapo.