Panya walitulia kwa magnesiamu, na mimi ninywe?

Ndugu, nimekuelewa, umesoma panya wa maabara waliopewa magnesiamu walipungua woga na wewe wasiwasi unakunyima usingizi so unataka uanze vidonge. Pole kwanza. Ila angalia huo woga unapimwaje: panya anawekwa kwenye kijukwaa cha msalaba kilichoinuliwa juu, njia mbili zina kuta mbili ziko wazi, wanahesabu ndani ya dakika 5 kaingia kwenye zile wazi mara ngapi, maana mwoga hubaki kwenye kuta. Sasa anayeingia huko sana anaweza kuwa katulia kweli au anakimbiakimbia tu, na kuna tafiti ambazo panya walishanyimwa hayo madini kwenye chakula kabla, kumrudishia aliyepungukiwa sio sawa na kumuongezea mwenye nayo ya kutosha. Dozi yao ya kwa kilo pia usiipige mara kilo zako, utajipa nyingi mno.

Ukiamua kujaribu usivuke miligramu 350 za magnesiamu ya vidonge kwa siku, ukianza kuharisha punguza. Una shida ya figo? Usiguse bila daktari. Kama uko kwenye antibayotiki au dawa za thairoidi (tezi ya shingoni) muulize mfamasia upishanishe masaa mangapi. Na kama hulali wiki kadhaa sasa, nenda hospitali, hiyo sio ya kujitibia.