Mume anataka Golf, mimi nataka Kenya, na mtoto hajui Kifaransa

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mtanzania wa Mbeya, huu ni mwezi wa tatu niko Lubumbashi, Kongo. Mume wangu anashughulika na kupitisha mizigo mpakani Kasumbalesa. Anaondoka Jumatatu alfajiri, anarudi Ijumaa usiku. Kwa sasa tumefikia kwa kaka yake, Bel-Air. Tuna binti mmoja, ana miaka sita. Mume anataka tupange mtaa wa Golf kwa sababu wenzake wengi wanaishi huko na kuna shule nzuri ya kulipia. Mimi nataka Kenya, ile komini (wilaya) ya hapa hapa mjini, karibu na soko, niuze hata vitenge, nisikie sauti za watu. Golf nimeona kuta na mageti tu. Tumegombana mpaka hatusemeshani. Na mtoto hajui Kifaransa hata neno moja. Juzi alimwamkia mwalimu anayeishi jirani, "shikamoo", watoto wakacheka, wakamuuliza, "Unasemaka Kiswahili gani?" Tangu siku hiyo hataki kutoka nje, isipokuwa mchana mtoto wa jirani akija kumwita getini wakacheze nzango. Nafikiria nimrudishe Mbeya kwa mama yangu asome huko. Nisaidie. – Mama wa Mmoja, Bel-Air*

Marahaba, mwanangu. Salamu hiyo hapa kwetu haina pa kutua, watu wanajua "jambo", na ndiyo maana watoto walicheka. Mwambie binti yako asiiache. Nyumbani aendelee kukuamkia wewe na baba yake. Huko nje ajifunze "jambo, madamu", maana ndivyo watoto wa hapa wanavyomwita mwalimu wa kike. Akisikia mtu anaenda "ku masomo", ajue ni shuleni. Na bukari ni ugali ule ule aliouacha Mbeya. Hayo yote atayazoea kabla yako.

Nianze na lile uliloliweka mwishoni, kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi. Usimrudishe mtoto. Shule za Tanzania zinaanza Januari, kwa hiyo ukimpeleka sasa atakaa kwa bibi nusu mwaka akingoja, na hapa Septemba itakuwa imempita. Kisha nini? Baada ya miaka miwili mitatu utamkumbuka, utamleta, naye atakuta wenzake wa darasa la tatu na la nne wanasoma kila kitu kwa Kifaransa. Leo wenzake wa darasa la kwanza nao ndiyo wanashika kalamu. Mto anaoweza kuuvuka maji yakiwa magotini, usimngojeshe mpaka yafike kifuani. Isitoshe, una mume anayelala nyumbani siku mbili tatu kwa wiki. Ukimwondoa na mtoto, utabaki na nani?

Sasa hii nyumba. Mnagombania mtaa, shule mnaiacha ifuate. Geuzeni. Nakuambia hivyo kwa sababu mimi nilianza kama ninyi na nikalipia.

Nilipotoka Bukavu na mwanangu wa kwanza, naye alikuwa wa miaka sita. Tulipata nyumba yenye mpapai uani, nikaupenda ule mpapai, tukalipa garanti, yaani amana anayoshika mwenye nyumba, ya miezi sita. Ndipo nikaanza kutafuta shule. Ya karibu imejaa. Iliyotupokea ilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa ya malori. Kila asubuhi nilisimama nimemshika mkono tukingoja nafasi ya kuvuka, na siku nyingine tulifika geti limefungwa. Kuhama hatukuweza, pesa yote ilikuwa kwa mwenye nyumba. Hata hivyo barabara haikuwa mbaya kama darasa. Siku moja ya Oktoba, joto lile unalolisubiri wewe bado hujalionja, mtoto alirudi amejifunga sweta kiunoni. Nikamuuliza, sweta la nini na jua hili? Akakaa kimya. Nilipolifungua nikaona kaptula imelowa. Darasani ilikuwa Kifaransa tu, hakujua namna ya kuomba ruhusa ya kwenda msalani, na kwa Kiswahili hakuna aliyemsikiliza. Alikuwa ameficha jambo hilo wiki nzima.

Kwa hiyo msilipe garanti kokote kabla shule haijapatikana. Na mkifika hapo, mjue kwamba sheria ya kupangisha ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Mtaombwa zaidi, kila mtu anaombwa zaidi, lakini anayejua sheria ana pa kuanzia kupatana.

Swali la kwanza muulize mume wako, tena bila hasira: tutakaa hapa miaka mingapi? Kama ni miwili, shule ya Kiingereza ina maana, kwani zipo, na mtoto atarudi kwenu akiendelea. Kama mnakaa, na biashara ya mpakani ikishamshika mtu haimwachii upesi, basi mpe mtoto programu ya Kongo na Kifaransa chake. Miaka sita ya msingi, kisha mtihani wa taifa ambao wazazi wengi bado wanauita TENAFEP. Shule za programu ya Kibelgiji na ya Kifaransa zipo pia, ila ada yake itawala ninyi pamoja na mizigo yenu.

Katika programu ya Kongo, usidanganyike na ukuta uliopakwa rangi. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, zikiwemo zinazoendeshwa na makanisa na jumuiya ya Waislamu, zile tunazoziita *conventionnées*. Ubure huo ni neema, watoto wengi waliokuwa mtaani wako darasani leo, lakini madarasa yamejaa, na nyingi zina zamu mbili, asubuhi na mchana. Ukipewa nafasi, uliza ni zamu gani. Mtoto wa darasa la kwanza anayeanza masomo mchana, kwenye joto, anafika tayari amechoka, na anarudi jua linazama.

Za kulipia nazo nyingi hujisifu kwamba kwao ni Kifaransa tangu *maternelle*, yaani chekechea. Kwa binti yako hiyo si sifa. Wenzake watakuwa wametoka *maternelle* ya miaka mitatu, nyimbo za Kifaransa ziko mdomoni. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa kufundishia, na Kiswahili ni mojawapo ya hizo nne. Utaratibu uliozoeleka ni darasa la kwanza na la pili kwa lugha ya taifa, Kifaransa kikiingia polepole, kisha kuanzia la tatu kinatawala. Tafuta shule inayofuata hivyo kweli, iwe ya kanisa au ya kulipia ya wastani. Kiswahili cha kitabuni, kile walimu wanachokiita Kiswahili bora, kwa mtoto wako ni cha nyumbani. Wale waliomcheka juzi ndio watakaomuuliza maana ya maneno.

Utaijuaje shule hiyo? Nenda mwenyewe, sasa. Tuko Juni, shule zinafunga mwanzoni mwa Julai, na ukienda Agosti utaonyeshwa madawati matupu na orodha ya ada. Nenda watoto wakiwa ndani. Omba kuingia darasa la kwanza, hesabu wangapi wamekaa kwenye dawati moja. Kisha mwambie direkta, yaani mwalimu mkuu, maneno haya: "Mtoto wangu hajui Kifaransa. Mtamfanyaje?" Akikujibu "atazoea" na kurudi kwenye mambo ya ada, shukuru na uende zako. Akimwita mwalimu wa darasa la kwanza ili ajibu mwenyewe, kaa. Mimi ile shule ya pili niliyompeleka mwanangu niliichagua kwa kitu kimoja tu: madamu alitoka nje, akachuchumaa, akamwambia mtoto kwa Kiswahili, "Ukitaka kutoka, unaniambia hivi," akamfundisha hapo hapo sentensi moja ya Kifaransa. Siku ya kwanza Septemba, binti yako awe nazo tatu: naomba kutoka, sijaelewa, naumwa. Nyingine zitakuja. Na akikaa kimya darasani wiki nyingi, usiogope wala usimlazimishe. Anasikiliza. Akianza, hutamzuia.

Masomo ya nyumbani yatakuja kwa Kifaransa na wewe hukijui. Hilo lisikuaibishe. Tafuta *répétiteur*, mwanafunzi mkubwa wa mtaani anayekuja jioni mara mbili tatu kwa wiki, nawe ukae mezani pamoja nao. Utajifunza na mtoto wako.

Mitaa sasa. Golf si mahali pabaya, nyumba ni nzuri. Lakini mume wako atalala humo siku mbili tatu, wewe utaishi humo siku saba, na mtoto atapelekwa kwa gari ambalo kutwa liko Kasumbalesa. Hilo mwambie kama hesabu, si kama lawama. Kenya nayo ninaielewa, na hamu yako ya kuuza vitenge na kusikia watu si upuuzi hata kidogo. Mama anayekauka kwa upweke hana cha kumpa mtoto. Ila nyumba za karibu na soko zina kelele na msongamano, na mvua ya Januari inaingia nyumba nyingi za cité, mitaa ya watu wa kawaida. Sokoni unaweza kwenda asubuhi mtoto akiwa darasani. Si lazima ulale hapo.

Popote mtakapoangalia, kuna jambo ambalo wageni hawaambiwi. Huu ni mji wa shaba na kobalti tangu ulipoanzishwa 1910, na vumbi la kiangazi si vumbi la kawaida kila mahali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha 2009 kwamba wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini wanakutwa na metali nyingi mwilini, kobalti hasa, na watoto kuzidi watu wazima, maana ndio wanaocheza chini na kutia mikono mdomoni. Kwa hiyo upande wa Ruashi ulio karibu na mgodi usiufuate kwa urahisi wa kodi. Hata huko Kampemba, komini yenye Bel-Air mliko, upande wa viwanda na maegesho ya malori ya madini uepuke. Kiangazi hiki ndicho wakati wa kuangalia: pitisha kidole kwenye dirisha la nyumba unayoonyeshwa. Habari za maji ya mvua waulize majirani, mwenye nyumba hatakuambia. Viatu vivuliwe mlangoni, mikono ioshwe kabla ya kula, hata mkihamia mahali pazuri kuliko pote.

Ukiona shule inayofaa, mshike mtoto mkono asubuhi mtembee kutoka getini mpaka nyumba mnayoifikiria. Mkikutana na barabara ya malori, nyumba hiyo iacheni. Kisha Jumamosi moja mume wako akiwepo, na shule nyingi husoma Jumamosi asubuhi, mpeleke asimame getini watoto wanapotoka. Usimhubirie. Akiona mwenyewe atajua, maana hata yeye Golf anaitaka kwa ajili ya huyo huyo binti.

Na sasa nirudi kwenye barua yako. Umeandika mistari mingi juu ya Golf na Kenya, na nusu mstari tu juu ya yule mtoto anayekuja getini mchana. Mimi nimesimama hapo. Binti yako ana rafiki. Mtoto anayeruka nzango na mwenzake, makofi na nyimbo, hachekwi Kiswahili chake, anafundishwa nyimbo. Rafiki huyo anarudi nyumbani mchana, kwa hiyo anasoma mahali, na inaelekea si mbali. Shule yake iwe ya kwanza kwenda kuiona, na nyumba mwanze kuitafuta hapo Bel-Air, karibu na shemeji zako, kabla ya kwenda Golf au Kenya. Huenda shule isifae, basi utaendelea na nyingine. Lakini watoto wawili wanaotembea pamoja asubuhi ni kitu ambacho hakuna ada inayokinunua.

Kesho akija, usimwache asimame nje. Mfungulie, muulize anasoma wapi, kisha vuka umsalimie mama yake. "Jambo" inatosha kuanzia.