Miaka 36 na uhasibu: hujachelewa
Mkuu, umeuliza kama mhasibu wa miaka 36 amechelewa kujifunza kuandika programu, na aanze na lugha gani. Hujachelewa. Anza na Python; ipo tangu 1991, inasomeka kirahisi na ina maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) za kushughulikia faili za Excel. Ila kazi usiiache kwanza.

Chukua ile ripoti inayokula Ijumaa yako nzima, uandike programu ya kuitengeneza. Itagoma. Utakodolea ujumbe wa kosa mpaka macho yaume (hapo ndipo unapojifunza, video zinakudanganya kwamba umeelewa), kisha siku moja itakubali. Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo wako, usiicheleweshe, mimi niliidharau nikapoteza kazi ya wiki nzima. Lugha ya JavaScript isubiri, isipokuwa unataka kutengeneza tovuti. Na kwenye wasifu uhasibu usiufiche, wanaojenga mifumo ya malipo wanamhitaji mtu anayeijua leja.