ANTI NAULIZA: Aliyekula pesa yuko Doha, anadaiwaje wa Manila?

SWALI: Anti shikamoo. Mi nafanya usafi kwenye kampuni moja hapa Doha, chumbani tuko wanne na mmoja ni Mfilipino, mama wa watoto wawili, tumezoeana mpaka namwita dada. Kabla hajaja kwenye kampuni alikuwa kazi za ndani kwa bosi mmoja, miezi minne hajalipwa hata senti akaamua kuondoka. Juzi ananiambia ile pesa anamdai ajenti wake wa Manila! Nikacheka mpaka machozi, nikamwambia dada we unaota, aliyekula yuko huku unamdai wa huko? Kaninunia siku mbili sasa. Halafu hilo boksi lake Anti, liko pembeni ya kitanda tangu nihamie, kila mshahara analishibisha sabuni na makopo ya nyama. Mtu anadai mishahara minne na bado ananunua dawa ya meno ya kutuma kwao, kwani kwao hakuna maduka? Nielimishe. – S., Doha

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kamwombe dada yako msamaha, haoti.

Iko hivi. Ufilipino wana sheria ya mwaka 1995, inaitwa RA 8042, na ndani yake kuna kipengele ambacho mi nikikisoma natabasamu peke yangu: ajenti aliyekupeleka nje na bosi aliyekuajiri wanabeba deni lako pamoja, na unaweza kumdai yeyote kati yao pesa yote, sio nusu nusu. Sasa fikiria we ndo mfanyakazi wa ndani, utampata wapi yule bosi, una lugha gani ya kusimama naye kortini, na visa yako nani anaishika? Lakini ajenti yuko Manila, ana ofisi, ana leseni ya serikali, na kabla ya kupewa hiyo leseni aliweka dhamana ambayo inaweza kukatwa kulipa watu kama huyo dada. Kesi inapelekwa kwenye tume ya migogoro ya kazi, NLRC. Yani wamemwacha yule asiyeshikika wakamshika anayeshikika, na huyo akishalipa basi ni juu yake kwenda kuhangaika na bosi aliyemtafuta mwenyewe. Ndo maana nasema mambo ya serikali yao kuwaita mashujaa hao wanaofanya kazi nje, pale uwanja wa ndege, ni mapambo tu, chuma chenyewe ni hiki.

Ila usidhani ni rahisi hivyo, manake kesi zinaburuzwa, ajenti wengine wanafunga ofisi wanafungua nyingine kwa jina la shemeji, na kuna ule mchezo wa mkataba ambao ukitua tu unawekewa karatasi nyingine mbele, mshahara umepungua, unaambiwa weka sahihi hapa. Sheria ileile inauhesabu mchezo huo kuwa kosa la jinai, kwahiyo muulize kama nakala ya ule mkataba wa kwanza anayo, hata picha kwenye simu. Tangu mwisho wa 2006 kanuni zao zilikataza kumtoza mfanyakazi wa ndani ada ya kutafutiwa kazi, na kima cha chini cha mshahara wakati ule kikawekwa dola 400 kwa mwezi, kwahiyo kama ajenti alimkata pesa ya ada hilo nalo ni dai lingine.

Kitu kingine cha kumuuliza, alitokaje kwao? Mfilipino anayetoka kihalali anabeba cheti cha ruhusa ya kwenda kufanya kazi nje, wanakiita OEC, bila hicho uwanja wa ndege wanamrudisha. Wapo wanaotoka kwa visa ya kutembea kisha wanageuza wakishafika, na hao ndo wanaolia, sababu hakuna ajenti aliyeandikwa popote, sasa utamdai nani? Na muda! Madai ya mshahara yana miaka 3 tu tangu pesa ilipotakiwa kulipwa. Muulize hiyo miezi minne ilikuwa ya mwaka gani, muulize leo leo, kununiana mtamalizia baadaye.

Haya, boksi. Linaitwa balikbayan, maana yake mtu anayerudi nyumbani, ila mara nyingi linarudi lenyewe na mwenyewe anabaki kazini. Likienda kwa meli linalipiwa kwa ukubwa sio kwa kilo, ndo maana unamwona analishindilia hivyo, taulo zinaziba nafasi, soksi zinaingia ndani ya viatu. Maduka kwao yapo kibao. Lakini pesa ikitumwa inaliwa na ada ya shule na deni la kwa jirani, mtoto haioni, ila chokoleti iliyopakiwa na mama mtoto anaishika mkononi. Mwaka 2015 forodha yao ilitaka kuyafungua na kuyapekua hayo maboksi, Wafilipino wakawaka dunia nzima mpaka rais wao wa wakati huo, Benigno Aquino, akaamuru yasifunguliwe ovyo, na mwaka uliofuata sheria mpya ikaruhusu boksi la hadi peso 150,000 lipite bila ushuru, mara 3 kwa mwaka. Kwahiyo usiliguse.

SWALI: Anti, nilipita Hong Kong siku ya Jumapili pale Central, nikakuta wanawake wa Kifilipino wamejaa wamekaa chini juu ya makaratasi ya boksi, wanasukana, wanakula, nikadhani wamegoma. Halafu nasikia serikali yao inawaita mashujaa. Shujaa gani analala chini? – Msafiri

JIBU: Hawajagoma ndugu yangu, hao ni wafanyakazi wa ndani na hiyo ndo siku yao ya mapumziko. Sheria ya Hong Kong inawalazimisha kuishi ndani ya nyumba ya bosi, sasa ukipumzika utapumzikia wapi, jikoni kwake? Utaitwa uoshe kikombe. Bora barabarani na wenzako.

Neno mashujaa wapya lilitoka kwa rais wao wa wakati ule, mama Corazon Aquino, mwaka 1988, akiongea na wafanyakazi wa ndani hukohuko Hong Kong. Neno tamu, ila mi namwamini zaidi mtu nikiona alichofanya na pochi yangu. Rais aliyemtangulia, Ferdinand Marcos, ndo aliyeanzisha mpango wa kupeleka watu nje mwaka 1974, na 1982 akatoa amri kwamba lazima utume nyumbani asilimia 50 mpaka 80 ya mshahara kupitia benki, ukikataa pasipoti haiongezwi muda. Wale wa Hong Kong unaowaona wamekaa chini (haya, mama zao) wakaungana wakaipinga, na 1985 adhabu zikaondolewa. Kwahiyo hayo makaratasi usiyadharau, wanaoyakalia wanajua kujipanga.

Mabaharia peke yao ndo hawakupona, mpaka leo asilimia 80 ya mshahara wao wa msingi inaenda nyumbani kwa lazima. Ila sijawahi kusikia wake zao wameandamana.