Baza Ikitoa "Tik" Moja Kisha Ikanyamaza

Mradi wangu wa kwanza hapa Kisumu ulikuwa kengele ya tangi la maji la shangazi yangu, kule Kondele: maji yakifika juu, baza (kidude cha kutoa mlio) ilie. Nikaunganisha waya, nikapakia programu, nikasikia "tik" moja tu. Siku mbili nzima nilibadilisha waya na bodi (kompyuta ndogo inayoendesha programu), kumbe vyote vilikuwa vizima.

Wewe unayeanza, ijue kwanza baza uliyoishika. Kuna yenye saketi yake ndani: uipe volti 5, inalia yenyewe, mlio uleule, mara nyingi kwenye Hz (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na ushei. Nyingine haina saketi hiyo, na kwa macho hufanana kama mapacha. Yangu ilikuwa ya pili.

Ukiuvuta uzi wa nyatiti ukaushikilia, hausemi kitu. Husema unapokwenda na kurudi. Ndani ya baza za piezo mna kisahani cha chuma kilichobandikwa kauri. Volti ikipanda kinajipinda, ikishuka kinanyooka. Mimi niliwasha pini ya bodi (sehemu inayotoa umeme kwa baza) nikaiacha hivyo, kisahani kikajipinda mara moja basi. Ile "tik" ndiyo hiyo! Ukitaka noti ya Hz 440, pini iwake na kuzima mara 440 kwa sekunde: takriban maikrosekunde 1,136 imewaka, 1,136 imezima. Ukitumia bodi ya Arduino, amri ya tone hukufanyia kazi hiyo. Ila kwenye bodi ya Arduino Uno huvuruga PWM (kuwasha na kuzima haraka ili kupunguza nguvu) ya pini 3 na 11, kwa hiyo usiweke hapo taa unayotaka kuipunguza mwanga.

Kuzitofautisha ni rahisi. Igusishe kwenye betri ya volti 3: ikilia mfululizo ina saketi, ikigonga tu haina. Fanya hivyo palepale dukani, maana mara nyingine huchanganywa katika boksi moja.

Zipo pia baza za koili (waya uliozungushwa). Mita ya umeme ikisoma ukinzani wa oumu 16 hivi, tafadhali usiifunge moja kwa moja kwenye pini. Volti 5 gawanya kwa 16 ni zaidi ya miliampia 300, na pini ya Uno ukomo wake ni 40. Tumia transista (swichi ndogo ya kielektroniki), na uweke daiodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na koili, kwa sababu umeme ukikatwa ghafla koili hurusha volti kubwa inayoweza kuiua transista.

Kwangu ulibadilika mstari mmoja tu wa programu. Jioni ile tangi lilipojaa, shangazi aliisikia akiwa jikoni, akatoka kuzima pampu.