Kunyanyua Prado 95 kwa bajeti ndogo: springi na shokapu kwanza, spesa baadaye

Mkuu, umeuliza kama spesa pekee (vipande vya kuongeza kimo vinavyowekwa juu ya springi) zinatosha kunyanyua Toyota Prado 95 itakayopita njia za ndani za Makete wakati wa mvua, kwa kuwa seti kamili ya springi na shokapu ni ghali. Hazitoshi.

Anza na kipimo. Egesha pa tambarare, pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Usipimie kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Springi za zamani huwa zimeshalala, na ukiweka spesa juu yake gari litasimama juu likiwa tupu, kisha ukipakia magunia ya viazi litagonga vilevile.

Nunua springi za kunyanyua milimita 40 hadi 50 pamoja na shokapu za urefu unaolingana nazo. Pesa isipotosha, fanya nyuma kwanza, ndiko mzigo unakokaa. Chagua springi kwa uzito unaobeba siku zote, si wa safari moja ya mwaka. Springi ya mzigo mzito kwenye gari tupu hurukaruka, na kwenye rasta (vituta vidogo vinavyofuatana barabarani) tairi za nyuma hupoteza mshiko. Kataa kabisa springi iliyopashwa moto ili ivutwe, chuma chake kimeshaharibika.

Kama mbele lazima uweke spesa, isizidi milimita 25 juu ya maunti, yaani kishikio cha juu cha shokapu. Shokapu imeshika katikati ya amu (mkono unaobeba gurudumu), kwa hiyo hiyo 25 inakuwa karibu 45 kwenye gurudumu. Fundi akiweka spesa ya 50, draivshafti (shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele) zinalala pembe kali, buti zake (mipira inayofunika jointi) zinachanika, grisi inatoka, tope linaingia, na jointi inaanza kulia ukikata kona. Shokapu nayo inaweza kugonga mwisho wake kabla mpira wa kuzuia haujafikiwa.

Sasa jambo la hatari zaidi: bolijointi za chini, yaani maungio ya mpira wa chuma yanayoshika gurudumu la mbele kwenye amu. Kwenye Prado hii zinabeba uzito kwa kuvutwa, zikilegea zinachomoka na gurudumu linalala ghafla. Kwenye miteremko ya Matamba kushuka Chimala hilo ni suala la uhai. Zikiwa na mchezo wowote, zibadilishe kabla ya kununua hata springi moja.

Wakati wa kufunga, bolti za bushi (mipira ya kwenye maungio ya amu) zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa kwenye jeki, bushi hubaki zimejipinda na kuchanika mapema. Nyuma, acha ekseli ining'inie uangalie hosi ya breki na waya wa ABS visivutike. Kama gari lako lina vali ya breki inayopima mzigo, sogeza kishikio chake kulingana na ulivyonyanyua, la sivyo itadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma.

Alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) ni lazima. Bolti za kembe, zinazorekebisha pembe hizo, kwenye amu za chini mara nyingi zimeshika kutu ndani ya bushi, zimwagie mafuta siku moja kabla.

Ujue pia kwamba springi hazinyanyui difu ya nyuma (bonge la gia katikati ya ekseli), tairi ndiyo inayoinyanyua. Kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16 unapata kama milimita 13 chini ya difu, na spidomita itasoma pungufu kwa asilimia 3 hivi. Kata usukani hadi mwisho pande zote, mbele na rivasi, uone kama tairi inagusa plastiki ya ndani.