Kaka, umeniuliza kuhusu tarumbeta

Shikamoo kaka. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili nikitoka kazini, na nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nikujibu vizuri. Uliniuliza: "Hivi umekwenda kote huko, unakesha kazini, ili binti yako awe mpiga tarumbeta?" Najua wengine hapo nyumbani nao wanajiuliza hivyohivyo, ila wewe ndiye uliyethubutu kusema. Basi jibu hili liwe la wote.

Kwanza, sikuamua mimi. Labda mnadhani nilikaa na mwanangu tukapima faida na hasara, nikamwambia haya, shika tarumbeta. Sikuwepo. Kazi yangu ni ya usiku, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Naingia saa mbili usiku, natoka saa mbili asubuhi. Mtoto akitoka shule mimi ndio naamka. Akilala, mimi niko na mzee wa watu namgeuza kitandani. Picha ninazowatumia ni za siku za mapumziko. Siku nyingine zote, mwanangu namwona kwa vipande, na katika vipande hivyo ndipo alipokulia.

Alikuwa na miaka 11 shule ilipomwazima tarumbeta kuukuu, limebonyea ubavuni. Miezi ya mwanzo hakukuwa na muziki wowote. Mwalimu alimtaka ashikilie noti moja mpaka pumzi imwishie, kisha avute nyingine aanze upya. Kuta za nyumba zetu huku ni nyembamba. Jirani wa juu akawa anagonga sakafu, na mimi nilikuwa nautafuta usingizi wa mchana kwa taabu. Nikamwambia, mama, punguza. Akapunguza. Baada ya wiki chache sikulisikia tena kabisa. Nikasema moyoni, yamekwisha, yalikuwa mambo ya utoto. Nilishukuru, kaka. Siwezi kukuficha hilo.

Kumbe hakuacha. Alikuwa anatoka nyumbani alfajiri, mimi bado niko kazini, anakwenda kupuliza kwenye stoo ya viti pale shuleni kabla wenzake hawajafika. Mama yake alijua. Mtoto alimwomba asiniambie, asije akanisumbua usingizi. Zaidi ya mwaka mzima nilikaa nyumba moja na mtu anayefanya jambo hilo kila siku, nami sina habari.

Meno ndiyo yaliyomfichua. Alipofika miaka 13 daktari alimwekea waya za kunyoosha meno. Jioni moja nikaamka nikamkuta amekaa chini bafuni, tarumbeta mapajani, mdomo wa ndani umechanika, analia bila sauti. Nikamuuliza, inauma sana? Akaniambia, "Maumivu siyo shida, baba. Noti za juu zimekataa kutoka."

Sikumwelewa. Akanieleza, na ile ndiyo siku niliyojua tarumbeta ni kitu gani. Ni bomba la karibu mita moja na nusu lililokunjwa. Vali zake, yaani vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole, ni tatu tu, na kila ukibonyeza vali, hewa inazungushwa njia ndefu zaidi na sauti inashuka. Vidole vikikaa palepale unaweza kutoa noti nyingi tofauti. Kinachochagua noti ni midomo na pumzi. Sasa pale midomo inapotakiwa kutetemeka, nyuma yake kuna waya. Akigandamiza ili noti ya juu itoke, anajikata. Yote aliyojifunza mdomoni kwa miaka miwili yalikuwa yamefutika, na alikuwa ananieleza kwa utulivu kuliko mimi nilivyokuwa nasikiliza.

Nikamwambia kuanzia kesho apulizie nyumbani. Usingizi nitajua mwenyewe. Tukatafuta kizibo cha kutia mdomoni mwa tarumbeta ili jirani apumzike.

Hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza, nimelala macho, mlango haujafungwa vizuri. Nilitegemea atapiga wimbo. Akawa anapiga kipande kidogo, noti sita au saba, anakwama palepale. Anarudia polepole. Anakwama. Anashuka chini anaanza kutoka mbali kama mtu anayetaka kuruka mtaro. Nilihesabu mpaka mara 20, nikaacha kuhesabu. Mimi nilipokuwa mtoto nikijua jambo nilipenda kuonyesha kile nilichokijua. Yeye alikaa saa nzima na kile asichokiweza, hakuna mtu anayemtazama, hakuna anayemlazimisha. Ndipo nilipojua kwamba sina tena uwezo wa kumwambia aache.

Waya zilipotolewa mwaka uliofuata, mdomo ukawa mgeni tena, akaanza upya kwa mara ya pili. Safari hii hakulia. Alisema tu, "Najua njia."

Onyesho lake la kwanza kubwa lilikuwa majira ya baridi. Kituoni, tukisubiri basi, alikuwa ameifumbata ile sehemu ndogo ya kuwekea midomo ndani ya kiganja, mkono mfukoni, kuipasha joto. Shaba ikipoa, sauti inashuka, na tarumbeta lililopoa halilingani na wenzake mpaka pumzi ilipashe. Ukumbini wenzake walikuwa na mabibi, mababu, wajomba, safu nzima ya watu. Upande wetu nilikuwa mimi peke yangu, nguo za kazi ndani ya koti, kwa sababu mama yake alikuwa zamu. Nimewasikia mkisema huku watoto wetu wana kila kitu. Kaka, tarumbeta la kuazimwa lipo, mwalimu yupo. Watu wa kukaa kwenye vile viti hawapo, nanyi ndio mliopaswa kuwa pale.

Alipomaliza nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Njiani nikamwambia umepiga vizuri mno. Akanishukuru, akanyamaza, kisha akasema, "Pale katikati niliingia mapema." Mimi sikusikia kitu chochote. Nimezoea kwamba barua za ofisi ananisomea yeye na lugha ya huku amenipita siku nyingi. Lakini usiku ule niliona kwamba hata sifa zangu hazimtoshi tena. Zinampendeza kwa sababu ni za baba yake, ila akitaka kujua amepiga vipi, anajisikiliza mwenyewe. Iliniuma kidogo, na nilifurahi, vyote kwa pamoja.

Unamkumbuka Hugh Masekela wa Afrika Kusini. Nilidhani nitamfundisha binti yangu jambo, nikamsimulia kwamba Masekela alipewa tarumbeta lake la kwanza na padri Trevor Huddleston akiwa na miaka 14, akaondoka kwao mwaka 1960, akasoma muziki New York, asirudi kuishi kwao mpaka mwaka 1990. Binti yangu akanitazama kwa upole, akafungua simu, akaniwekea Masekela na kunionyesha kwa kidole hewani kila mahali anapovuta pumzi. Tangu hapo nami nikisikiliza nasikia zile pumzi.

Atakula kwa muziki? Sijui, kaka, na ninaogopa. Wapo wapigaji hodari kumzidi wanaofundisha watoto mchana na kupiga usiku ndipo maisha yasogee. Nimemwambia hesabu na sayansi asiziachie, na haziachii. Ana miaka 16. Kama atabadili nia, ni yeye. Mimi sitakuwa wa kumbadilisha, maana sikuwepo alipokuwa analipia jambo hili kila alfajiri.

Ila nina ombi. Jumapili jioni tutawapigia, mkusanyike wote, na shangazi asikose. Wekeni simu mezani, muwashe spika, msiongee mpaka amalize. Akikosea ataanza tena, msimwambie basi inatosha. Mwacheni arudie.